Majani Yalikuwa Bado ya Kijani

Nimemkosea jirani yangu, na nimemkosea Mola wangu kwa kumfanya kisingizio. Mimi ni mzee, naswalisha watu kijijini kwetu, huku Uluguru, juu ya Matombo. Msinitafute jina. Nisikilizeni tu.

Alasiri moja nilikuwa napuliza dawa ya kuua magugu kwenye migomba yangu. Ng'ambo ya mpaka kuna maboga ya Mwanaidi, mjane anayeishi peke yake. Upepo ukashuka ghafla kutoka mlimani. Niliuona kwa macho yangu ukungu wa dawa ukivuka na kutua juu ya majani yake!

Magharibi ilikuwa imekaribia. Nikasema nitamwambia baada ya swala. Baada ya swala nikaona haya, maana Ijumaa iliyopita nilikuwa nimewahutubia watu juu ya haki za jirani. Badala ya kwenda kubisha hodi, nikaomba dua: "Ya Rabi, zihifadhi mboga zake."

Alfajiri nikapita pale. Majani ya kijani, yana umande, hayana hata doa. Alhamdulillah, nikasema, nimejibiwa! Mwanaidi alikuwa tayari anachuma.

"Shikamoo, Shehe."

"Marahaba, mwanangu. Mapema hivi?"

"Jua likipanda yanalegea. Nikukatie fungu? Au wewe mpaka usikie pilau ya maulidi ndiyo unasogea?"

Nikacheka. "Ninazo nyumbani. Wewe chuma tu."

Uongo! Nyumbani sikuwa na mboga hata jani moja. Kama kweli niliamini nimejibiwa, kwa nini niliogopa kula?

Jua lilipopanda nilikuwa bado shambani. Majani yale yakaanza kutokwa na mabaka, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Kufika adhuhuri yalikuwa ya kahawia. Nikakimbia kwake, jamani, na miaka yangu hii! Nikamkuta ameinama mlangoni anatapika, mdomo unamwasha. Chungu kilikuwa kitupu.

Vijana wakamteremsha hospitali kwa bodaboda, nami nikafuata. Daktari akauliza, "Amekula nini?" Watu wakanitazama mimi, mkubwa wao. Nikajibu, "Mboga za kawaida."

Ole wangu! Nilisema hivyo nikiwa na tasbihi mkononi.

Jioni ile nikampigia simu binti yangu, anayefundisha sayansi mjini Morogoro. Nikamweleza yote. Akauliza jina la dawa, nikamtajia.

"Baba, ndani ya jani kuna vyumba vidogo sana vya kijani, tunaviita kloroplasti. Kuta zake zimejengwa kwa mafuta. Dawa hiyo gizani inatulia tu. Jua likichomoza, mwanga uleule unaolilisha jani unaiwasha. Mafuta yanachacha kama samli iliyooza, ila kwa muda mfupi mno. Kuta zinatoboka, jani linakufa."

"Kwa hiyo alfajiri yalikuwa..."

"Yalikuwa na sumu tayari. Yalikuwa yanasubiri jua."

"Na mtu akiyala?"

"Mapafu hayahitaji jua, baba. Hewa inatosha. Na mapafu nayo yana mafuta. Mwambie daktari sasa hivi!"

Nilimwambia. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini sikusema mchana.

Namshukuru Mungu, Mwanaidi yu hai. Amerudi nyumbani, lakini pumzi inazidi kufupika. Daktari hatupi ahadi. Kila siku ananiita nimsomee dua. Nasoma, naye anaitikia "Amin" kwa shida, kisha ananishukuru. Jana alinishika mkono akasema, "Shehe, wewe ndiye jirani." Hajui! Daktari aliniachia mimi nimwambie, nimeshindwa, nami namwomba Mungu ampe uhai mpaka niweze. Oneni ninavyomfanya tena kisingizio!

Ndugu zangu, dawa ikivuka mpaka, nawe uvuke palepale ukaseme. Usitazame jani likiwa zima ukadhani umesamehewa. Na wewe unayesubiri, kama mimi, siku utakayopata ujasiri, ujue aliyekosewa huenda asiwe na pumzi ya kukujibu.