Kikapu cha Mapajani

Enzi zetu hapakuwa na kitu kinachoitwa kutalii na familia. Kulikuwa na kwenda Kilwa. Shule zikifungwa Desemba, baba alitupakia kwenye lori lake, Bedford ya buluu iliyokwisha kugeuka kijivu, juu ya magunia ya bidhaa za watu, akafunga turubai, tukaondoka Ilala na giza. Nyuma tulikuwa vizazi vitatu: bibi mzaa baba, mama, na sisi watoto, pamoja na godoro, jiko la mkaa, ndoo yenye mfuniko ambayo kazi yake sitaieleza, na kuku wawili waliokuwa wakienda Kilwa kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nyumba ya magurudumu si uvumbuzi wa Wachina. Sisi tuliishi ndani yake, ila tulikosa akili ya kuikodisha.

Wa rika langu mnaikumbuka ile barabara. Mvua za vuli zikinyesha, lami ikiisha, lori lilikuwa haliendi bali linaogelea. Kabla ya kivuko cha Rufiji magari yalipanga foleni yakazama kwenye tope, na watu wakahamia barabarani. Wanawake waliwasha majiko, wanaume walikata matawi ya kuweka chini ya matairi, na sisi tulicheza mdako kwa kokoto mpaka vidole vikachubuka. Harufu ya dizeli, tope na samaki wa kukaanga ilikaa puani mwangu hata shule ilipofunguliwa. Hakuna aliyetuuliza kama tumechoka. Hakuna aliyetuambia tuvumilie kidogo, maana hakuna aliyejua kidogo ni kiasi gani.

Sheria ya mama ilikuwa moja tu: chakula cha safari hakipakiwi, kinapakatwa. Kikapu cha ukili chenye maandazi, mayai ya kuchemsha na samaki kilikaa mapajani kwa mtoto aliyechaguliwa siku hiyo, naye alikishika kwa mikono miwili kutoka Mbagala mpaka tutakapokwama. Aliyekiachia hata mkono mmoja kujikuna alisikia sauti ya mama, "Wewe, unapeleka wapi huo mkono?" Tuliamini kuwa mama ana wasiwasi usio na sababu. Hatukuuliza. Enzi zetu mtoto hakuuliza sababu. Sababu ilikuwa kwamba mama amesema.

Sasa naishi Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, ambako mimi na mume wangu Shaibu tunasafirisha mizigo ya wafanyabiashara kwenda Dar es Salaam. Mimi nashughulika na wateja. Shaibu anashughulika na makontena: yeye ndiye anayesimamia upakiaji ghalani kabla mzigo haujaenda bandarini Huangpu. Tuna watoto wawili, Nasra mwenye miaka kumi na mitatu na mdogo wake Haji, wote wazaliwa wa hapa. Wanaongea Kichina kama wenye nchi, Kiingereza kama walimu wao, na Kiswahili kama watu wanaopokea simu: shikamoo bibi, mzima, haya, mama huyu hapa.

Mama alikuja kututembelea mwishoni mwa kiangazi. Alikuja kuwaona wajukuu, na njiani akaona pia ni busara apitie Zhanxi, kule kwenye majengo ya jumla ya nguo na viatu karibu na stesheni, akachukue vitu vichache vya duka lake. Zhanxi alienda karibu kila siku. Wajukuu nao aliwaona kila siku, wakiwa wameinamia simu. Ilipobaki wiki moja aondoke, alinikuta jikoni akasema kwa utulivu, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa:

"Zuhura, nilikuja kuwaona wajukuu zangu. Nimeona visogo."

Nikamwambia watazoea, atakaporudi mwakani.

"Mwakani ipi? Miguu hii imevimba kwenye ndege kama mihogo. Mimi huku sirudi tena, mwanangu."

Hapo ndipo nilipopata wazo langu zuri. Mapema Oktoba China yote hufunga kazi kwa sikukuu, na Zhanxi hufungwa pia, kwa hiyo mama asingekuwa na pa kwenda. Tungekodi nyumba ya magurudumu, twende kaskazini mwa mkoa kwenye kijiji chenye miti ambayo majani yake hugeuka manjano. Siku tatu ndani ya gari moja, Nasra angekimbilia wapi? Niliona kila kitu: foleni, chakula, hadithi, kicheko. Niliona Rufiji yenye kiyoyozi.

Gari lilikuwa na vitanda vinne, meza ya kukunja, jiko na choo. Kosa langu lilikuwa kumwachia Shaibu kazi ya kupakia.

Mume wangu ni mtu mpole, lakini kazi imemharibu. Akiona nafasi tupu haoni nafasi, anaona hewa ambayo mteja ameilipia nauli. Na mama, kwa upande wake, alikataa kuacha mzigo wake nyumbani kwetu siku tatu bila mtu. "Siuachi," alisema, na kwa mama neno hilo halina rufaa. Kwa hiyo mablanketi, vitenge, viatu na seti za hotpoti viliingia likizo pamoja nasi. Shaibu alipakia kama anavyopakia kontena: vizito mbele na chini, vyepesi juu, kila pengo likashindiliwa viatu. Sufuria la pilau, chapati na kuku wa kukaanga, kwa kuwa vilikuwa vizito, viliingia kwanza. Alipomaliza alifunga mlango kwa bega, akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama kazi yake kwa macho ambayo hajawahi kunitazamia mimi.

"Hata sindano haiingii," alisema.

Ilikuwa kweli. Vitanda havikufunguka. Meza haikukunjuka. Choo kilijaa mablanketi mpaka dari, hivyo tukawa tumekodi gari lenye choo ili tukatafute vyoo njiani. Watu watano tulikaa viti vya mbele na kibenchi kimoja, Nasra katikati yetu na spika zake masikioni, akiwa mbali kuliko Dar es Salaam.

"Chakula kiko wapi?" mama aliuliza tulipokuwa tumekwisha toka mjini.

"Kipo salama, mama," alijibu Shaibu kutoka kwenye usukani.

"Sikuuliza hali yake. Nimeuliza kilipo."

Shaibu akaongeza sauti ya redio.

Wachina wote waliokuwa na gari walikuwa wamepata wazo langu zuri siku ileile. Barabara ilikuwa pana, laini, yenye alama za kila aina, na magari yalikuwa yamesimama kabisa. Enzi zetu tulikwama kwa kukosa barabara. Siku hizi tunakwama ndani ya barabara yenyewe. Asubuhi yote ilipita tukitazama gari lilelile jeupe mbele yetu. Hatimaye tukasukumana mpaka kwenye kituo cha kupumzikia, ambacho nacho kilijaa hata pa kutokea hapakuwepo. Haji alianza kulia njaa. Foleni ya mgahawa ilizunguka jengo, na dukani vilibaki vikombe vya tambi vyenye picha ya nguruwe anayetabasamu.

Mama alimtazama mkwewe. "Haya, baba Nasra. Salama yako iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya kila kitu. Hapakuwa na njia nyingine: tulishusha mzigo wote, katikati ya maegesho, mchana kweupe. Viatu vikapangwa ukingoni, hotpoti zikarundikana, mablanketi yakatoka chooni, vitenge vikatandazwa juu ya mkeka visichafuke. Nasra alisimama mbali kidogo, akiomba kimoyomoyo asionekane kuwa na ukoo nasi. Ila aliyekuja kwetu kwanza hakumwangalia yeye. Alikuwa mama mmoja wa Kichina mwenye kofia pana ya jua, naye alichutama, akainua kitenge, akakipapasa, akauliza kitu.

"Anasemaje huyu?" mama aliuliza.

Nasra hakuwa na ujanja. "Anauliza bei gani."

Nilimwona mama akibadilika. Kwa muda wote aliokuwa China yeye ndiye aliyechutama, yeye ndiye aliyepapasa, na akitaka pea moja ya kujaribu, muuzaji alimpungia mkono kama anayefukuza nzi. Mama alivuta boksi la viatu, akalikalia taratibu, akaweka mguu juu ya mguu.

"Muulize anataka ngapi."

Nasra akauliza. "Anataka kimoja tu, bibi."

"Kimoja?" Mama aligeuza uso pembeni, akapunga mkono kwa uchovu, vilevile kabisa kama wale wa Zhanxi. "Mei you, hakuna. Mwambie hapa ni jumla. Rejareja hatuuzi."

Nasra alimtazama bibi yake. Akatoa spika moja sikioni, halafu ya pili. Akaanza kutafsiri, akashindwa, akashika tumbo kwa kicheko, akaanza upya. Mama mwenye kofia naye akaelewa akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu, kama alivyomweleza Nasra, yeye mwenyewe ana kibanda cha nguo Guangzhou na hiyo ndiyo sentensi anayoisema kutwa. Kisha akageuza pindo la kitenge na kutuonyesha kuwa kimetengenezwa mkoa huohuo. Mama alisema hilo analijua, lakini mtu asimfundishe biashara.

Watu wakaongezeka. Mama akawa anakataa kuwauzia mmoja baada ya mwingine kwa furaha kubwa, na Nasra akawa anatafsiri matusi madogomadogo kwa adabu.

"Huyu anasema tai gui, ghali mno."

"Sijataja bei."

"Anajua, bibi. Anasema hata hivyo."

"Mwambie huyo ana akili, atafika mbali. Hayo ndiyo maneno, mke mwenzangu."

"Mke mwenza?" Nasra alinigeukia akiwa amepauka. Nikamweleza kwamba kwetu bibi na mjukuu wa kike wanagombea mume mmoja, yaani babu, kwa hiyo wana haki ya kutukanana maisha yao yote. Alifikiri kidogo, kisha akamwambia bibi yake kwamba kama ni hivyo, amwachie kile kibanio cha nywele alichokinunua jana, maana hakimpendezi. Mama alimwangalia kama mtu aliyeletewa mgeni aliyekuwa anamsubiri kwa miaka.

Sufuria lilipopatikana hatimaye, tulikula sote mkekani. Yule mama wa kofia alileta balungi kubwa, akalimenya kwa kisu, akapewa sahani ya pilau. Nami, kwa kuwa moyo umejaa, nikaanza kuwasimulia watoto jinsi enzi zetu, pale Rufiji, ilivyokuwa raha hivihivi.

"Raha?" alisema mama. "Raha ipi?"

"Si tulikuwa tunacheza, tunakula..."

"Mlikuwa mnakula nyinyi." Akamgeukia Nasra, si mimi. "Mara ya kwanza babu yako alipakia chakula chini ya magunia ya chumvi. Alikuwa na akili hizihizi za baba yako. Tukakwama. Mama yako alikuwa mdogo, alilia njaa mpaka akanyamaza, na aliponyamaza ndipo nilipoogopa. Wanaume walikuwa topeni, hakuna wa kushusha magunia. Tangu siku ile, chakula changu hakipakiwi."

Nimeandika simulizi za safari ile kichwani mwangu kwa miaka mingi, na hilo tope niliamini nalijua. Nasra ndiye aliyeuliza maswali yote ambayo mimi sikuwahi kuuliza. Bibi alifanyaje? Aliyewapa chakula ni nani? Babu alisema nini? Mama akayajibu moja moja mpaka jua likateremka, na Kiswahili cha simu kikaisha, kikaanza kile kingine kilichopinda, chenye makosa, cha kuongea na mtu. Shaibu alipakia upya peke yake. Hakuna aliyemwomba ushauri.

Kijijini tulifika siku iliyofuata. Miti ilikuwa ya kijani kibichi kama mchicha. Mwenyeji alituambia manjano huja Novemba, jambo ambalo kila mtu analijua isipokuwa mimi na maelfu ya watu waliokuwa hapo. Mama aliuliza kama hii ndiyo vuli yao, maana kwetu vuli walau hukulowesha. Nasra akampiga picha chini ya mti na kuyapaka majani manjano kwa simu yake. Picha hiyo sasa iko Ilala ukutani, na majirani wanaambiwa jinsi yalivyokuwa yanadondoka.

Wakati wa kurudi Nasra alimuuliza bibi yake kama yeye akija Ilala Desemba watakwenda Kilwa. Mama alisema watakwenda, akiacha simu kwa mama yake. Nikaona ni wajibu wangu kumwambia Nasra ukweli: siku hizi kuna lami na daraja, asubuhi unatoka Dar es Salaam na mchana unakula Kilwa. Nilidhani atafurahi. Akauliza, "Kwa hiyo hatukwami hata kidogo?"

Tumejenga madaraja, watoto wetu hawalii njaa barabarani, na hilo ndilo tuliloliomba. Ila hatukuomba tufike haraka kiasi hiki, kabla mtu hajapata nafasi ya kuuliza.

Nyuma ya gari mzigo ulikuwa umebana vilevile, hata sindano haiingii. Lakini chapati zilizobaki hazikuwa huko. Zilikuwa ndani ya kikapu alichokuja nacho mama, na kikapu kilikuwa mapajani mwa Nasra, aliyekichukua bila kutumwa. Alikishika kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa na simu. Enzi zetu tulikishika kwa mikono miwili. Nilimtazama mama, nikisubiri amuulize anaupeleka wapi huo mkono. Mama aliutazama, akaegemeza kichwa dirishani, akalala.