Mama Nta na Doa la Wino

Mdogo wangu wa kike, ambaye hospitali nzima humwita Mama Nta, amekata nyama za watu kwa miaka thelathini na moja bila kuwatibu. Kazi yake ni kuchukua kinyama kilichotolewa mwilini, kukizamisha kwenye nta iliyoyeyushwa, kungoja igande, kisha kukikata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, daktari avitazame kwa darubini. Watu wa leo hawaijui kazi ya namna hiyo. Wanabonyeza, wanangoja, wanalalamika. Mimi nilitengeneza cherehani za miguu mpaka watu walipoacha kushona wakawa wananunua nguo na kuzitupa, kwa hiyo najua thamani ya mkono uliotulia.

Aliyemfundisha alimwachia desturi moja: kabla ya kukizamisha kinyama, tia doa la wino upande utakaokatwa kwanza. Wenzake humcheka.

"Mama Nta, bado unaipaka nyama wanja?"

"Naipaka ili initazame."

Mwaka huu kinyama kilikuwa cha mke wangu. Saratani ya titi ilikuwa imeshajulikana; kilichobaki ni kujua inasukumwa na nini. Mdogo wangu alinieleza nyumbani kwangu, mguu wake ukiwa juu ya kanyagio la cherehani yangu kuukuu.

"Kaka, kila seli ina jeni inayoagiza protini fulani ikae juu ya ngozi yake, kama kanyagio hili. Mwili ukikanyaga, seli inagawanyika. Ukiinua mguu, inatulia. Sasa jeni hiyo ikijizidisha, makanyagio yanajaa, yanaanza kukanyagana yenyewe. Cherehani inashona bila mguu."

"Na hiyo jeni imeingilia wapi?"

"Haikuingia. Ni yetu sote. Ni miongoni mwa zilizotukuza tumboni mwa mama."

Nimejisomea vitabu vingi vya kuokoteza. Hakuna kilichowahi kuniambia hilo.

"Protini ikiwa imejaa," akaendelea, "dawa ya kuizuia ipo. Kama haikujaa, dawa hiyo haimfai wifi."

Majibu yakaja: haikujaa. Mke wangu akamtania, "Wifi una roho mbaya, hata protini umeninyima?" Akacheka peke yake.

Mama Nta hakuridhika; alirudi kazini, akakitoa kile kibonge cha nta, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Doa la wino lilikuwa chini. Kisu kilikuwa kimepita kwenye mafuta na seli chache za pembeni. Uvimbe wenyewe haukuguswa.

Aliponiambia, niliwaka. "Si hao vijana wenu wa kubonyeza!"

"Ni mimi, kaka. Nilisoma jina la wifi, mkono ukatetemeka, nikakilaza kifudifudi."

Akaenda kumwambia daktari maneno hayohayo mbele ya wenzake.

"Mama," daktari akamwambia taratibu, "umebakiza miezi minne ustaafu kwa heshima."

"Basi niruhusu nikate upya, nistaafu nayo."

Akaiyeyusha nta, akakigeuza kinyama, akakata, akatia rangi inayoidaka ile protini. Kesho yake aliniketisha kwenye darubini. Jicho langu la kizee lilichelewa kuzoea. Kisha nikaona: kila seli imezungushiwa ukingo mzito wa rangi ya kahawia, seli baada ya seli, hata sikuona mwisho wake, kama wavu uliosukwa na fundi asiyejua kuchoka. Nilijua kinachosukwa pale ni kifo cha mke wangu, lakini sikuweza kuliondoa jicho. Maisha yangu yote sijaona mshono kama ule.

"Zimejaa," mdogo wangu akasema nyuma yangu. "Dawa itamfaa wifi."

Siku ya dripu ya kwanza alikuja wodini na koti lake la kazini. Mke wangu, sindano mkononi, akamtazama kwa upande.

"Wifi, leo umehakikisha nimelazwa upande gani?"

"Chali, wifi. Doa juu."

Akaketi kando ya kitanda, akaushika ule mkono usio na sindano. Wake haukutetemeka.