Siku Nilipopaka Sabuni Chemba ya Leza

Siku yangu ya kwanza maabara, kitu cha kwanza nilichoamriwa ni kuvua viatu. Nilikuwa nimetoka Kisenyi, ambako kwa miaka mingi nilitengeneza majokofu, na kabla ya hapo nilifanya kazi katika kiwanda cha barafu Nakawa. Viatu vyangu vilikuwa na grisi ya kote kuwili. Profesa, mkuu wa maabara, alivitazama kama mtu aliyekuta nyoka sebuleni.

"Ssebo, vumbi kidogo tu ikikaa kwa kioo yangu, leza inaichoma na kioo inakufa," alisema. "Wewe kazi yako ni pampu. Kioo usiguse."

Sikugusa. Lakini masikio hakuyakataza, nikasikiliza kila kitu.

Vijana, ngojeni niwaeleze kazi yenyewe, maana hata leo nikiieleza moyo unanidunda. Leza ile ilitoa mwanga mwekundu kwa mapigo mafupi ajabu. Pigo moja lilidumu femtosekunde chache, na femtosekunde ni kipande cha sekunde kidogo kiasi kwamba utachoka kuandika sufuri zake. Pigo hilo linabanwa mpaka liwe jembamba kama unywele, kisha linapiga gesi ya agoni. Nguvu yake inang'oa elektroni kwenye atomu, inaitupa, halafu inageuka na kuirudisha mbio. Elektroni ikirudi nyumbani inatoa mwanga mpya, nao ndio hamoniki: mtetemo wa leza uliozidishwa mara kumi na moja, kumi na tatu, hata zaidi ya ishirini. Na ni namba witiri peke yake! Shufwa hazitoki kabisa. Mimi niliyekua nikiswali witri kila siku, nilipoambiwa hivyo nilicheka kwa furaha mpaka Profesa akanitazama vibaya.

Tabu ni kwamba hewa inaumeza mwanga huo mara moja. Kwa hiyo njia yake yote lazima iwe ndani ya chemba ya chuma iliyonyonywa hewa, hali tunayoiita ombwe. Ndiyo sababu maabara yetu ya Wandegeya ilimhitaji fundi wa friji, aliyezoea pampu za kunyonya hewa.

Leza yenyewe ilikuwa ya kuazima kutoka ng'ambo. Ilibaki wiki moja ifungwe kwenye masanduku irudi kwao. Daktari Akello, binti wa askari polisi aliyekulia kambini, alikuwa ametumia miaka minne kutafuta hamoniki zile na hajaona hata moja. Leza ikiondoka kabla hajaziona, utafiti wake wote ungekwisha bure.

Ijumaa ile geji ya chemba, inayopima hewa iliyobaki ndani, ilikataa kushuka. Palikuwa na tundu mahali. Daktari alikuwa amekwenda kula katogo, nami nikafanya nilivyofanya maisha yangu yote: nikakoroga sabuni, nikaipaka kwenye viungo vya mabomba, nikangoja mapovu. Kwenye friji gesi inasukuma kwenda nje, basi povu linakuonyesha palipotoboka. Nilingoja. Povu halikutokea. Badala yake, kwenye kiungo kimoja, sabuni ilitoweka mbele ya macho yangu, ikanyonywa ndani!

Nikajua papo hapo: tundu nimelipata, lakini sabuni yangu imeingia ndani ya chemba. Nikakikaza kiungo, nikapangusa, nikanyamaza.

Jumamosi Daktari alipanga vioo upya. Jumapili akabadilisha chujio. Jumatatu alisema, "Mzee wangu, pengine mimi kichwa ndiyo haitoshi kwa hii kazi." Nami nimesimama pale na spana mkononi, mtu mzima, nikiona aibu kuliko nilivyowahi kuona. Tundu lilikwisha zibwa; geji ilikuwa imekwama kwa sababu ya maji yangu ya sabuni, yaliyokuwa yakitoa mvuke ndani ya chemba.

Jumanne asubuhi niliiacha chai mezani nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Profesa.

"Ni mimi," nikamwambia. "Nilipaka chemba sabuni."

"Sabuni? Kwa ombwe?" Profesa aliruka kitini. "Banange! Mzee, hapa hewa inaingia, haitoki! Ukitafuta tundu unadondosha spiriti kwa nje, unaangalia geji ikiruka!"

Nikasikia sauti nyuma yangu. Daktari Akello alikuwa mlangoni. "Kumbe si mimi?" aliuliza. Akakaa chini pale pale sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka.

Tukaifungua chemba, tukaisafisha kwa spiriti kila pembe. Tukaizungushia nyaya za moto, tukaifunga kwa karatasi ya aluminiamu kama luwombo ndani ya jani la mgomba, tukaipasha moto ili maji yote yatoke huku pampu zikivuta siku mbili. Alhamisi mchana geji ilishuka, ikashuka, ikapita pale ambapo haijawahi kufika.

Daktari alifungua agoni. Kwenye skrini ukatokea mstari, kisha mwingine, kisha safu nzima!

"Kumi na moja!" alipiga kelele. "Kumi na tatu! Kumi na tano!"

"Funga gesi tuhakikishe," Profesa akaamuru. Daktari akafunga, mistari ikapotea. Akafungua, ikarudi yote. Walihesabu mpaka ishirini na tatu, na mimi nilikuwa nikipiga makofi bila kujua. Ijumaa masanduku yalikuja kuchukua leza, na hakuna aliyehuzunika.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza kama ninajuta kuipaka sabuni. Sijuti sana, ufundi ni kukosea. Ninajuta zile siku tatu za kunyamaza.

Siku ya kuniaga, Daktari alinipa bahasha. Nilidhani ni shukrani. Ilikuwa barua yake ya kuacha kazi, yenye tarehe ya Jumanne ile ile.

"Nilikuwa naipeleka kwa Profesa," alisema. "Nikakuta wewe umeshaingia."

Kumbe ningekaa kumaliza chai yangu, angeingia yeye kwanza.