Nepi Juu ya Eriali

Redio ile niliitengeneza mwenyewe, pale mtaani kwetu Chuno, mwanangu akiwa bado ananyonya. Shuleni tulikuwa tumeunda moja, kisha nikaolewa, fizikia nikaisahau. Siku moja nikafungua redio mbovu ya mume wangu, nikakuta daiodi nzima, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, pamoja na kisikilizio cha sikioni. Nikazungusha waya kwenye kipande cha mwanzi, ikawa koili. Eriali ilikuwa waya mtupu kutoka dirishani hadi kwenye mkorosho. Betri haikuwamo. Wimbi lenyewe la redio, lililotoka huko mbali, ndilo lililosukuma sauti. Shuleni nililikariri jambo hilo nikapata maksi. Safari hii nililielewa, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Lakini ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita, na huku kwetu kila mtu alikuwa anatafuta jasusi wa Mreno.

Alasiri moja, mume wangu akiwa kazini bandarini, akaja mjumbe wetu wa nyumba kumi na mgambo mwenye bunduki.

"Waya huo unaongea na nani?"

"Hauongei, ndugu mjumbe. Unasikiliza tu. Redio yenyewe hata betri haina."

Heri ningenyamaza. Mjumbe akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Redio inayokula hewa!"

Mgambo hakucheka. "Mama, tusichezeane. Tukikuchukua sasa hivi, huyo mtoto atanyonya kwa nani?"

Nikasema wasikilize wenyewe, nikatia kwanza kisikilizio sikioni mwangu. Kireno! Mwanamume anaongea Kireno, wazi kabisa. Koili nilikuwa nimeitia alama ya mkaa mahali pa Dar es Salaam, na waya ulikuwa bado unaigusa pale pale. Nikatazama dirishani. Nepi. Kamba ya nguo ilijaa asubuhi, nikaanika nepi mbichi juu ya eriali. Nguo mbichi hubadilisha kiasi cha umeme ambao waya unaweza kushika, na redio inahama stesheni.

"Lete nisikie," mjumbe akasema.

"Subiri nianue nguo."

"Nguo? Mbona zinachuruzika maji!"

"Mtoto amejikojolea. Nimfunge nini, kofia yako?"

Nikatoka, bunduki nyuma yangu. Nilizivuta zile nepi haraka, moja ikaanguka mchangani. Niliporudi ndani, mjumbe alikuwa ameshatia kisikilizio sikioni. Amekunja uso. Nikamshika mwanangu nikasubiri.

"Dar hii," akasema. "Wanazungumzia korosho."

Mgambo naye akasikiliza, akashusha bunduki.

"Mumeo fundi kweli," mjumbe akasema.

"Nimetengeneza mimi."

Neno lilinitoka tu. Mgambo akanitazama upya, na nikajua nimejirudisha mwenyewe kwenye hatari. Mjumbe akatazama nepi begani kwangu, akatazama mtoto, akaangua kicheko.

"Wewe? Haya mama, msalimie fundi."

Wakaondoka wakicheka mpaka barabarani. Kicheko kile ndicho kilichoniacha nyumbani kwangu na mwanangu. Nilikaa sakafuni, maji ya nepi yakinishuka mgongoni. Hofu ilipopungua nilitaka kumkimbilia mjumbe yule nimwoneshe koili, mzunguko mmoja mmoja, mpaka akome.

Sikwenda. Mtoto alikuwa amejikojolea kweli.