Mabao Matatu Yasiyo na Mfungaji

Kwa miaka yote aliyofundisha sayansi ya udongo katika Chuo cha Kilimo Nzinje, Mwalimu Yotham Matonya alikuwa na timu ya mpira ambayo haijawahi kuvuka mji wa Kibaigwa na kutoka nje ya mkoa. Kila mwaka vyuo vitatu vya ukanda ule vilicheza, bingwa akaenda fainali za taifa, na kila mwaka bingwa alikuwa Kilele, chuo cha utawala kilichoko Miyuji, chenye ukumbi wa viyoyozi na wanafunzi wanaovaa tai jua likiwa utosini. Nzinje walikuwa na trekta. Lilikuwa bovu, lakini lilikuwepo.

Mwaka huu mambo yalianza kukaa sawa. Nzinje na Kilele walitoka sare, bao moja kwa moja, na la Nzinje lilifungwa na Jordan, nahodha, kijana wa mwaka wa mwisho ambaye akili zake zote, kwa mujibu wa walimu wake wa darasani, zilikuwa kwenye mguu wa kushoto. Ikabaki timu ya tatu, Ufundi Chibwe, chuo kidogo cha upande wa Gulwe. Wangekuja Dodoma mwishoni mwa wiki kucheza na Kilele Jumamosi na Nzinje Jumapili. Atakayewafunga Chibwe mabao mengi zaidi ndiye anayekwenda taifa. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeielewa.

Ijumaa mvua ikanyesha, na maji ya Gulwe yakafanya yanachofanya kila msimu: yakala tuta la reli. Vijana wa Chibwe wakashuka kwenye treni, wakatembea kwenye tope hadi barabarani, wakapata lori lililotoka kushusha ng'ombe. Walipofika uwanja wa Kilele Jumamosi walikuta mbuzi wawili golini na nyavu zimeshavuliwa. Refa alikuwa amesubiri nusu saa ya kanuni, akapuliza filimbi, akaenda zake. Kilele wakapewa ushindi wa mezani: pointi tatu, mabao matatu. Inasemekana walishangilia kwa adabu.

Hapo ndipo Yotham alipofanya kosa lake. Aliposikia wageni wamekaa juu ya mabegi yao pale uwanjani, aliagiza waletwe Nzinje. Hakufikiri. Kule Buigiri alikokulia, mgeni aliyelowa hahojiwi. Anawekewa chakula kwanza, maswali baadaye. Bwalo likasonga ugali wa uwele, likapika mlenda, na kuku kadhaa wa mradi wa wanafunzi hawakuonekana tena. Kipa wa Chibwe, Lameck, kijana mrefu mwenye mikono iliyokaribia magoti, alimaliza bakuli la mlenda akabaki kuliangalia.

"Ongeza, baba, ongeza," alisema Yotham, mwenyewe akiwa ameshika upawa.

Jumapili asubuhi Noeli, kocha wa Chibwe, alimfuata.

"Mwalimu, mmetufanyia ubinadamu mkubwa. Ila vijana miguu bado mizito. Andikeni tu mabao yenu matatu, sisi tutafute usafiri."

"Mabao gani?"

"Kama waliyopata Kilele."

"Hapana, bwana. Mmetoka mbali kuja kucheza. Mtacheza."

Jordan, aliyekuwa akifunga kamba za viatu karibu yao, aliinua uso akaangalia mawingu kwa muda mrefu.

Wakacheza. Lameck alikuwa amelala vizuri na ameshiba, na ilionekana. Alidaka mipira ya vichwa, alipangua mashuti, akazuia penalti ya Jordan kwa mkono mmoja kama mtu anayefukuza nzi. Nzinje walipata bao moja tu, nalo liligonga kisogo cha beki wa Chibwe kabla ya kuingia. Pointi zikawa sawa na za Kilele. Tofauti ya mabao: Kilele matatu, Nzinje moja.

"Mwalimu," alisema Jordan wakitoka uwanjani, "yule kipa ulimpa bakuli mbili."

"Najua."

"Nasema tu."

Nzinje wakakata rufaa, ikasikilizwa na kamati ya michezo ya vyuo, chini ya Bi. Germana, mama mpole aliyesoma kanuni kwa sauti ya mtu anayetangaza ndoa kanisani. Upande wa pili wa meza alikaa Raphael, mwalimu wa michezo wa Kilele, ambaye zamani Yotham alimfundisha sekondari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na mabao yako?"

Raphael akatabasamu kama alivyofundishwa Kilele.

"Naomba kuuliza," Yotham aliiambia kamati. "Hayo mabao matatu nani alifunga?"

Bi. Germana akapekua kurasa. "Kanuni haidai mfungaji."

"Yaliingia goli lipi? La kushoto au la kulia?"

"Mwalimu Yotham, tafadhali."

"Sisi tuna moja. Lina mashahidi, na kisogo cha yule beki kina nundu. Hilo ni dogo kuliko matatu ambayo hayakutokea?"

"Kwa hesabu, ndiyo," alisema Raphael.

"Mngepokea ya mezani Jumapili, mngelingana na Kilele," alisema Bi. Germana, na huruma yake ilikuwa ya kweli, jambo lililozidi kuudhi. "Tungerusha shilingi. Kwa nini hamkupokea?"

Kila jibu lililomjia Yotham lilikuwa na maana kamili kule bwaloni, na halikuwa na maana yoyote ndani ya chumba chenye projekta.

"Walikuwa wameshakula," alisema mwishowe.

Rufaa ikatupwa. Nzinje wakapewa cheti cha mwenendo bora, chenye picha ya mikono miwili iliyoshikana, mmoja ukiwa na vidole sita.

Baada ya wiki mbili Raphael alipiga simu. Bingwa huruhusiwa kuazima wachezaji wawili kutoka timu zilizotolewa, na Kilele walimtaka Jordan, pamoja na yule kipa wa Chibwe.

"Straika si mnaye?" aliuliza Yotham. "Yule wa mabao matatu."

Raphael alicheka hadi akakohoa. Yotham hakucheka. Lakini Jordan alikuwa anamaliza chuo, na macho yake yalikuwa yameshafika taifa. Yotham akakubali. Kisha akakasirika kwamba amekubali, na darasa zima la mwaka wa pili likachimba mashimo ya kupima udongo ambayo hayakuwa kwenye mtaala.

Siku ya safari alikwenda mwenyewe Miyuji kumuaga Jordan. Kijana alikuwa ameshakaa dirishani ndani ya jezi ya Kilele, akijifanya anasoma simu. Basi lilinguruma bila kuondoka.

"Mnasubiri nini?" Yotham alimuuliza Raphael.

"Lameck. Maji ya Gulwe tena, mwalimu. Amepanda lori, yuko njiani."

"Amechelewa sana?"

"Kama saa nzima."

"Basi nusu saa imeshapita."

Raphael akashika kiuno. "Mwalimu, hatuwezi kumwacha, katoka mbali. Halafu hii siyo mechi."

"Hata ile haikuwa."

Raphael akapata tairi la kukagua.

Lameck alitokea akikimbia, tope hadi magotini, begi kichwani. Alipomwona Yotham alisimama ghafla.

"Shikamoo, mwalimu."

Yotham alikuwa na maneno yake tayari. Aliyatunza tangu ile Jumapili: kuhusu penalti, kuhusu mlenda, kuhusu mtu kula chakula cha watu halafu kuwanyima taifa.

"Marahaba," alisema, na kabla hajajizuia akasikia mdomo wake ukiuliza: "Umekula?"

"Bado, mwalimu."

Dirishani mtu alicheka, na kicheko kilikuwa cha Jordan. Yotham akavuka barabara kuelekea kibanda cha chapati, amekunja uso kama anayekwenda kugombana na mpishi.

"Na basi lisiondoke!" alifoka bila kugeuka.