Tabita na Safu ya "Ameelezwa"

Siku hizi watu wakimtaja Tabita wanamkumbuka kama mama muuza viazi wa Tunduma, basi. Hawajui kwamba mwaka 1954 alikuwa karani, mwanamke pekee aliyeshika kalamu nyuma ya kaunta katika barabara yote ya Tunduma. Mimi najua, maana tulifanya kazi pamoja. Mimi Lusubilo nilikuwa mpimaji na mbebaji, yeye ndiye mwenye daftari, na sioni haya kusema alinizidi akili mbali sana.

Alizaliwa karibu na Mbozi Mission, akasoma hapo hapo, akaolewa na Amoni, kijana wa Kindali kutoka milima ya Ileje. Walipopata mtoto wa tatu, Amoni akavuka mpaka kwenda migodini Rodeshia ya Kaskazini. Zilikuja barua mbili, kisha kimya. Mshahara wa dukani ndio uliowalisha wale watoto na kuwavisha.

Kampuni yetu iliuza majembe, mbegu na dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe. Meneja alikuwa Mhindi mmoja mwembamba tuliyempa jina la Bwana Daftari, kwani jambo lisiloandikwa kwake halikuwapo. Mwaka ule dawa ya kupe ikabadilishwa. Kopo lilibaki lile lile na picha yake ya fahali, ila dawa ya ndani ilikuwa kali mara mbili. Ya zamani ulitia kikombe kimoja kwenye debe la maji. Hii mpya, nusu kikombe. Maelezo yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi za kuwatesa hata wenye miwani. Kampuni iliwahi kushtakiwa kwingine kwa jambo la namna hiyo, kwa hiyo Bwana Daftari akaleta amri: kila mnunuzi aambiwe kipimo kwa mdomo, akirudie mwenyewe, ndipo karani aandike jina lake, nambari ya kopo, na katika safu ya mwisho neno "ameelezwa". Kisha mnunuzi anaweka dole gumba. Amri nzuri, siikatai. Tabita aliifuata mpaka ikawa kero, wateja wakamtania kwamba wamekuja kununua dawa, si kusomea ubatizo.

Sasa, kwa Wandali mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia porini na kujifunika uso. Jina la baba mkwe halitamki, na sauti yake haimfikii mzee. Wachungaji walihubiri kuipinga desturi hiyo, watu wakaitikia amina, wakatoka kanisani wakaendelea nayo.

Siku moja mchana akaingia mzee Tuntufye, baba yake Amoni, ametembea kutoka Ileje. Hakujua kwamba duka hilo ndilo anamofanya kazi mkamwana wake. Tabita aliona kofia yake mlangoni, akazama nyuma ya magunia ya mbegu pamoja na daftari lake. Akanionyesha kwa mkono nimhudumie mzee na nimweleze. Nikapokea pesa, nikatoa kopo, nikachukua daftari kwa Tabita, nikampelekea mzee akaweka dole, nikalirudisha nyuma ya magunia. Maneno ya kipimo niliyajua, niliyasikia kutwa kucha. Sikuyasema. Njaa ilikuwa inaniuma, foleni ya wachuuzi wa Kibemba imefika barazani, na nilijiambia kwamba kueleza ni kazi ya karani. Tabita alisikia kwamba sikusema kitu. Lakini mzee alikuwa ameshatoka, watu wanagombania zamu, na mkono wa Tabita ukaandika ulichozoea kuandika: ameelezwa.

Mzee akatia kikombe kizima kama zamani. Ng'ombe wanne wakafa kabla ya jua kuzama.

Akashtaki kwamba ameuziwa sumu bila kuambiwa. Bwana Daftari akafungua ukurasa: jina hili hapa, dole hili hapa, ameelezwa. Hakuishia hapo. Akataka mzee naye ashtakiwe kwa kuisingizia kampuni. Mzee alikuwa mzee wa kanisa, na tayari watu walishaanza kunong'ona kwamba amezeeka hata uongo hauonei haya. Ilibaki Tabita athibitishe alichoandika. Akithibitisha, mzee anafungwa. Akikana, watoto wake hawali.

Bwana Shauri, ofisa wa serikali aliyeamua kesi za wilaya, akaja kusikiliza, meza ikawekwa barazani pa duka. Mzee Tuntufye aliketi kwenye kigoda, hatua tatu tu kutoka mezani. Tabita alipoitwa alisimama mlangoni, kanga imemfunika uso, akashindwa kusogea. Akaulizwa, dawa alimwuzia nani? Akazidi kuvuta kanga usoni. Akaulizwa tena. Bwana Daftari akasema mwanamke anaona aibu, daftari linatosha, na Bwana Shauri akaanza kuandika.

Hapo mzee akainuka. Akageuza kigoda chake, akaketi kuelekea barabarani, mgongo kwa meza na kwa Bwana Shauri. Mkalimani akamkemea kwamba anaidharau mahakama. Hakugeuka. Mimi nilielewa: mtu anayekaribia kufungwa alikuwa anampa mkamwana wake nafasi ya kusema, iwe ya kumwokoa au ya kummaliza.

Tabita akashusha kanga.

"Huyo mzee hakuelezwa," alisema. "Mimi nilijificha, halafu nikaandika kwamba ameelezwa. Daftari linasema uongo, na uongo huo ni wangu."

Bwana Shauri akauliza ni nani basi aliyemkabidhi mzee lile kopo. Nilikuwa nimesimama kwenye mizani, nikijifanya napanga mawe yake. Mimi sikuwa na mkwe pale. Hakuna desturi iliyonizuia kusema.

"Kazi ya kueleza ilikuwa yangu," Tabita akajibu. "Msimtafute mwingine."

Kampuni ikaamriwa kulipa ng'ombe wanne, na mashtaka ya mzee yakafutwa. Akachukua kigoda chake akaenda zake bila kutazama nyuma, kama inavyopasa. Jioni ile Tabita akaachishwa kazi. Bwana Daftari akaongeza amri nyingine, kwamba karani asimhudumie ndugu wala mkwe, na akaibandika ukutani.

Asubuhi yake akaniita. Alisema anahitaji karani mwaminifu. Nikapokea kalamu, nikaketi kwenye kiti cha Tabita, nikamwita mteja wa kwanza.