Moto Niliouzima Njiani

Nilipokuwa na miaka kumi niliuzima moto wa mama yangu kwa makusudi, na tangu alipofariki, kwa miaka kumi na tisa, niliamini kwamba ndiyo sababu alikufa. Nalisema hili mapema ili mtu asianze kunionea huruma kabla hajajua anamwonea nani. Sasa mimi ni mtu mzima, nina duka la mitungi ya gesi hapa Musoma, wateja wananiita dada mkubwa. Lakini mpaka mwaka jana kiberiti kilikuwa hakiingii nyumbani kwangu. Jiko langu linawaka kwa kubonyeza, na mgeni akitaka kuwasha mshumaa namwambia atumie tochi ya simu.

Tulikuwa tunakaa Mwanza, vyumba viwili vya kupanga huko juu mlimani ambako maji yanapanda kwa ndoo kichwani. Baba alikuwa mlinzi wa kiwanda cha samaki. Kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Mama alikuwa anauza chai na maandazi stendi. Yeye ndiye aliyetoa wazo la shamba. Baba alikuwa na ekari tatu alizogawiwa na marehemu babu, bondeni, ng'ambo kidogo ya Nyamuswa, zimelala tu zinaota nyasi. Jioni moja mama alikuwa anachambua mboga, akasimamisha mikono.

"Hivi Baba Pepe, mimi mpaka mchicha nanunuaga," alisema. "Tuna shamba Nyamuswa, halafu nanunua mchicha. Hii ni akili kweli?"

Baba akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aachishwe kazi. Haukupita mwezi tukawa ndani ya basi la Bunda na godoro letu na sufuria za maandazi, mdogo wangu Masatu wa miaka minne amelala mapajani mwangu. Mama alikaa dirishani. Kila shamba tulilolipita alilitolea maoni, hili limepaliliwa vizuri, hili mwenyewe mvivu, mpaka abiria wa nyuma wakaanza kumchangia.

Mimi sikutaka. Nilikuwa nimechaguliwa kuimba mbele kwenye kwaya ya watoto, sare imeshashonwa, na rafiki yangu Anitha alikuwa ameahidi kunisuka kwa ajili ya siku hiyo. Hakuna aliyeniuliza. Siku hizi naelewa kwamba mtoto wa miaka kumi haulizwi mambo ya kuhama, lakini wakati ule nilinuna njia nzima mpaka shingo ikaniuma.

Tulifikia kwa bibi, mama yake baba, aliyekuwa anaishi juu ya kilima chenye mawe makubwa. Kila siku wazazi wangu waliteremka bondeni kujenga, miti na udongo na bati zilizonunuliwa Bunda. Nyumba ilipokwisha, baba alitaka tuhamie siku ileile. Bibi akakataa.

"Mtaingiaje kwenye mji ambao moto haujaingia?" aliuliza. "Au ndio mambo ya Mwanza hayo?"

Kwa desturi ya bibi, anayeanzisha mji mpya, yaani kaya yake, hawashi moto wake mwenyewe. Anapewa. Kaa linatoka jikoni kwa mama mkwe, linawekwa kwenye kigae cha chungu juu ya kinyesi kikavu cha ng'ombe, ambacho kinashika moto polepole bila kutoa miali, na anayelibeba ni mtoto wa kwanza wa mji huo. Njiani hasalimii mtu, haombi maji, hageuki nyuma. Moto wa bibi mwenyewe ulitoka kwa mama mkwe wake, na wa huyo ulitoka kwa mwingine. Mama alikuwa mtu wa kanisani, tena wa kila Jumapili, lakini hili alilipenda mno. Alisema ni kama kupewa baraka unayoweza kuipikia uji.

"Na ukizimika njiani?" niliuliza.

Bibi alinitazama. "Ukizimika, mji umekataa. Watu wanarudiga walikotoka."

Walikotoka! Sisi tulikotoka ni Mwanza. Nililala na neno hilo, nikaamka nalo.

Tuliondoka kwa zamu siku ya Ijumaa, alasiri. Wazazi na Masatu walitangulia bondeni. Bibi akanikunjia kitenge cha kukinga joto, akanipa kigae nikishike kwa mikono miwili. Njia ile ni mwendo wa saa moja hivi. Watu walinipisha. Mzee mmoja alishuka kwenye baiskeli yake akasimama pembeni na kofia mkononi mpaka nilipopita, mimi mtoto wa maandazi wa stendi ya Mwanza. Nakiri kwamba kwa muda nilijisikia mkubwa, nikatembea taratibu ili wanione vizuri.

Kisha nikafika kwenye kijito. Hapakuwa na mtu. Nikapiga magoti juu ya jiwe, nikachota maji kwa kiganja, nikamwagia kaa lile. Nikachota tena. Lilifanya chwii, likatoa mvuke, likawa jeusi.

Nilitegemea furaha. Nilikaa pale nikiisubiri, haikuja. Kutoka kwenye kijito nyumba yetu ilikuwa inaonekana, bati zinang'aa, na mama alikuwa uwanjani anafagia mahali ambapo tayari palikuwa pamefagiliwa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alifagia kidogo, akatazama njia, akafagia tena. Nikajua siwezi kumpelekea kigae baridi.

Nikakimbia hadi kwenye kibanda cha njia panda, nikanunua kiberiti kwa sarafu niliyokuwa nimepewa kwa ajili ya sadaka. Nikaweka nyasi kavu na kipande kingine cha kinyesi kikavu nilichookota njiani juu ya kile kilicholowa, nikawasha njiti ya kwanza, ya pili, ya tano. Nikatokea uwanjani na moshi wangu.

Mama alipokea kigae amepiga magoti, kama anayepokea Komunyo. Alikitazama ndani, akakaa nacho kidogo. Kisha akainua uso akatabasamu.

"Asante, mama yangu," aliniambia. "Umetuletea mji."

Kesho yake nilipoamka hakuwepo ndani. Alirudi jua linachomoza, miguu imelowa umande mpaka magotini, amebeba sufuria ndogo ya bibi iliyofunikwa. Alisema alifuata maziwa. Siku hiyo tulikunywa chai ya rangi, na mimi, pamoja na ujanja wangu wote, sikuuliza maziwa yamekwenda wapi.

Tangu hapo kila asubuhi mama aliniita. "Pepe, njoo uuchochee moto wako." Masatu alikatazwa kuugusa, baba alikatazwa. Ulikuwa wangu. Nilikuwa nachutama pale kwenye mafiga nimeinamisha kichwa, nikiona aibu mpaka masikio yanawaka, nikidhani mama ananisifu kwa kitu ambacho sikukifanya.

Mwaka wa kwanza shamba lilitupa kila kitu. Mihogo, mtama, na mchicha usio na kiasi. Mama alikuwa anafunga mafungu makubwa ya kutisha, anawapa wapita njia hata waliosema wanao. Baba alikuwa anamtania kwamba amegeuka kuwa serikali. Mama alinenepa, akawa anaimba akipalilia, na mimi bila kutaka nikaanza kuzoea. Niliacha kununa sijui siku gani.

Mwaka wa pili alikuwa mjamzito. Mimba ilikuwa na miezi saba damu ilipoanza kumtoka, asubuhi, mvua ya usiku kucha ikiwa bado haijakatika. Bodaboda alifika mpaka kijitoni akashindwa kuvuka, maana kijito kilikuwa kimejaa. Kijito kilekile. Baba alimvusha mama mgongoni, maji kifuani, na mimi nimebaki upande wa nyumbani, Masatu nimemshika mkono. Walimweka katikati kwenye pikipiki. Mama aligeuka akanitazama, akasema kitu, mvua ikakimeza. Alifariki njiani kabla hawajafika Bunda, yeye na mtoto.

Msibani, wanawake walikuwa wanamenya ndizi nyuma ya nyumba. Shangazi mkubwa, dada yake baba, alisema bila hata kupunguza sauti: "Mji uliokataa, ukiulazimisha, unamchukuaga mwenye jiko." Wengine wakaguna. Nafikiri alisema tu kama watu wanavyosema misibani, wakitafuta pa kuliweka jambo lisilowekeka. Lakini mimi nilikuwa nimeshika kisu na ndizi, na nilijua kuna mtu mmoja tu pale anayejua kwamba mji ule ulikataa, na aliyeufanya ukatae.

Baba hakuliweza shamba bila yeye. Alihangaika msimu mmoja, akaondoka kwenda kutafuta ulinzi tena. Masatu alibaki kwa bibi, mimi nikachukuliwa na shangazi mwingine hapa Musoma. Nikapata mji wangu niliokuwa ninautaka, wenye taa na luninga na kwaya. Kwaya sikujiunga.

Mwaka jana Masatu alinipigia simu kwamba bibi anaishiwa nguvu. Nilikwenda. Nilimkuta ameketi juani mbele ya nyumba, amekuwa mdogo, anachagua mawe kwenye ulezi kwa kupapasa, macho hayaoni tena. Nilikaa chini karibu na miguu yake. Sikuwa nimepanga kusema.

"Bibi, ule moto niliuzima. Nilimwagia maji."

Hakuacha kuchagua ulezi. "Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Mama yako alikuja hapa hata jua halijatoka. Akaniambia, mama, mtoto ameuzima, kinyesi kimelowa chini, na kiberiti kiko kwenye sketi yake. Mimi nikachukua fimbo nishuke nikuchape. Akanishika mkono. Akasema, mwache, mama, anaipenda Mwanza, atazoea tu. Nipe mwingine. Na asijue kama tunajua."

"Ile sufuria," nikasema.

"Aliubeba humo. Kwa hiyo moto wenu ulikuwa wa kwangu, mzima kabisa, haukuwa na kasoro." Akausukuma ungo pembeni. "Na bado akafa. Mimi huwa najiulizaga, labda ni kwa sababu aliubeba mwenyewe. Unabebwaga na mtoto, siyo na mwenye jiko. Ningekuamsha wewe. Kwa nini sikukuamsha wewe?"

Miaka yote hiyo, mimi Musoma na mzigo wangu, yeye kilimani na wa kwake, na kati yetu mtu mmoja amelala kaburini ambaye hakumlaumu yeyote. Nilimshika mikono. Nilimwambia kwamba mama alivuja damu na mto ulijaa, basi, hakuna kingine. Nilimwambia mara tatu. Kwake niliweza kulisema, na niliposikia sauti yangu ikilisema, nikaona kwamba ni kweli.

Ungedhani hapo nilipumua. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe lile la kumwua lilipoondoka, lingine lilikuwa limejificha nyuma yake, na hilo halina wa kuniondolea. Mama alijua. Alipopiga magoti na kuniambia nimemletea mji, alikuwa anaona majani yaliyoungua na kinyesi kinachodondosha maji. Aliishi na mtoto aliyejaribu kuikataa nyumba yake, na kila asubuhi akamwita kwa jina, akamkabidhi moto upya. Huenda alikuwa anangoja niseme. Nilipata karibu miaka miwili ya asubuhi, nikazimaliza zote nimeinamisha kichwa.

Mchana ule nilishuka bondeni. Kile kibanda cha njia panda kipo bado, mwenyewe ni kijana simjui. Nikanunua kiberiti. Nyumba imelala, bati zilishachukuliwa, lakini mafiga matatu yapo palepale, na mchicha umejiotea wenyewe uwanja mzima, mrefu kunifika kiunoni. Niliokota vijiti, nikawasha. Nikachutama mahali pangu, nikauchochea, nikamwambia mama kwamba mimi ndiye niliyeuzima, na kwamba nilizoea. Kwamba asubuhi ile ya mvua sikutaka tena kurudi Mwanza, nilitaka arudi yeye.

Moto ule sikuuzima. Nilikaa nao mpaka ukaisha wenyewe.